Chumba Kipya Ubavuni mwa Nyumba ya Zamani

Korosho zikishauzwa, akina mama wengi wa Kibiti huanza kuhesabu tofali. Nyumba ya miti na udongo waliyoanzia maisha imekuwa ndogo. Watoto wamekua, mama mkwe amehamia kutoka delta, na chumba kimoja cha tofali za saruji ubavuni huonekana kuwa ndilo jawabu.

Msomaji wetu mmoja wa upande wa Bungu alijenga chumba cha namna hiyo. Tulipomtembelea, alituonyesha ufa uliotoka juu hadi chini, pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani. Mkono wa mtoto ungeweza kupita.

"Fundi alisema ameshikisha vizuri," alituambia.

Kweli alikuwa ameshikisha, na hilo ndilo kosa. Alichimbua udongo, akaingiza tofali kati ya fito kama meno, kisha akapiga lipu ya saruji juu ya yote.

Ukuta wa udongo si kitu kimoja. Una fito upande wa nje na fito upande wa ndani, zimefungwa kwenye nguzo, na katikati umeshindiliwa udongo. Nguzo zenyewe, nyingi zikiwa za mikoko ya delta, zimefukiwa ardhini bila msingi. Masika ukuta huo hunywa maji na kulegea. Kiangazi hukauka na kusinyaa. Ukuta wa tofali una msingi wake, nao hutitia kwa uzito wake mwenyewe katika miezi ya mwanzo. Ukizifunga kuta hizo pamoja, mmoja utauvuta mwingine. Sote twaijua habari ya kiraka kipya katika vazi kuukuu, aliyoisimulia Bwana Yesu.

Wanaokaa karibu na mto wana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliikumba Rufiji na Kibiti, na maji yakisimama chini ya ukuta wa udongo, udongo huporomoka vipande vipande. Tofali zilizoushikilia hubaki zikining'inia pale wanapopita watoto.

Basi, chumba kipya hakina budi kusimama kwa miguu yake. Kila ukuta unaoelekea nyumba ya zamani uishie kwenye nguzo ya zege yenye nondo, iliyosimamishwa juu ya msingi wake. Kati ya nguzo hiyo na ukuta wa udongo uachwe mwanya wa upana wa kidole gumba. Jaza usumba wa nazi, kisha funika kwa ubao uliopigiliwa misumari upande mmoja tu. Ukipigilia pande zote mbili umerudi kule kule. Mtaro wa msingi unaokaribia nguzo za zamani uchimbwe kidogo kidogo wakati wa kiangazi, wala usiachwe wazi usiku kucha. Nguzo iliyofukuliwa shina haina cha kuishika.

Paa nalo hugawanyika. Bati jipya lianze chini ya mchirizi wa paa la zamani, juu ya mbao zake lenyewe, likiinamia mbali na nyumba ili maji yasirudi kwenye udongo. Mlango wa kuunganisha vyumba ukatwe kati ya nguzo mbili, si mahali pa nguzo.

Kuhusu lipu ya saruji juu ya udongo, sisi hatuipendi hata kidogo. Hupendeza mwaka mmoja, kisha hubanduka, na nyuma yake mchwa huwa wameshapanda hadi kwenye mwamba bila mtu kuwaona. Udongo laini uliochanganywa na mchanga hutosha, nao mama huweza kuukandika upya mwenyewe.

Msomaji wetu amekubali kubomoa tofali zilizoingia kwenye fito. Nyingi zimepona, ila fedha ya saruji imepotea, na nguzo za zege zitangoja ufuta uuzwe. Mama mkwe bado analala sebuleni na wajukuu, na kitanda chake alichonunuliwa kimesimamishwa ukutani.