Kupungua kwa Bata Mzinga Mwitu Nchini Marekani: Utafiti Wasemaje?

Bata mzinga mwitu ni ndege wa asili ya Amerika Kaskazini, na ndiye chimbuko la bata mzinga afugwaye kote duniani. Ingawa Kiswahili humwita bata, kimaumbile ni jamaa ya kuku, kanga na kware: huchakura, hutaga chini na hulala mitini. Kufikia miaka ya 1930, uwindaji holela na ukataji wa misitu ulikuwa umemmaliza katika majimbo mengi ya Marekani. Kuanzia miaka ya 1950, wataalamu waliwanasa ndege waliosalia kwa nyavu zilizorushwa kwa baruti na kuwahamishia walikotoweka. Idadi ikapanda hadi takriban milioni 6.7 mnamo 2004. Baadaye ilishuka hadi kukadiriwa kuwa milioni 6 hivi, hususan kutokana na upungufu wa majimbo ya kusini-mashariki.

Upungufu huu una uzito wake. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, ushuru wa bunduki na risasi, pamoja na ada za leseni, ndio hugharimia sehemu kubwa ya uhifadhi wa wanyamapori majimboni. Ndege wakiadimika, wawindaji nao hupungua, na mfuko wa uhifadhi hupwaya.

Je, chanzo ni nini? Dhana moja iliyopata mashiko hudai kwamba msimu wa kuwinda madume hufunguliwa mapema mno, hivi kwamba dume huuawa kabla ya kupanda majike. Dhana hii ilijaribiwa katika jimbo la Tennessee. Mnamo 2021 na 2022, msimu ulicheleweshwa kwa majuma 2 katika kaunti za Giles, Lawrence na Wayne. Majike wa huko, waliovishwa vifaa vya kufuatilia nyendo zao, walilinganishwa na wa kaunti za karibu ambako msimu haukubadilishwa. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalibainisha kwamba ucheleweshaji huo haukuboresha uzazi. Ikumbukwe kwamba jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa majuma kadhaa.

Jicho la mtafiti, basi, halina budi kuelekea kiotani. Jike hutaga mayai 10 hadi 12 ardhini na kuyaatamia kwa siku 28 hivi. Viota vingi huvamiwa na rakuni, vicheche na nyoka. Vifaranga wanaoanguliwa hawawezi kurukia mitini kwa takriban majuma 2, na chakula chao kikuu ni wadudu. Huhitaji nyasi na magugu yaliyositiri vya kutosha kuwaficha, lakini yasiyosongamana hata wakashindwa kupita. Mandhari ya aina hii hutoweka pale mashamba yanapogeuzwa mitaa ya makazi au misitu mizito ya misonobari, na pale moto wa kuchoma nyasi kwa utaratibu unapoachwa.

Kubadilisha tarehe ya msimu ni rahisi. Kurejesha mandhari ni kazi ya miaka. Wahenga walinena kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Kifaranga wa bata mzinga naye hahitaji kufunzwa, ila sharti apate mahali pa kuchakura.