Siku ya Kwanza ya Msimu wa Kriketi Mjini Worcester

Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu hapa Masasi waliniuliza swali nisiloweza kulijibu kwa dakika moja. Waliona picha gazetini: wazee wa Kizungu wamejifunika mablanketi, wameketi uwanjani, na chini yake imeandikwa kwamba hiyo ni siku ya kwanza ya msimu wa kriketi. Wakasema, "Mwalimu, ni mchezo gani huu utazamwao kwa blanketi? Na aliyeshinda ni nani?" Mimi nalikwenda Uingereza kwa masomo, nikaketi siku kama hiyo katika mji wa Worcester. Basi nitawaeleza niliyoyaona, na zaidi ya hayo, sababu ya watu wale kwenda.

Kwanza yafaa mjue kaunti ni nini. Ni sehemu ya nchi, kama sisi tusemavyo wilaya ya Masasi au wilaya ya Newala. Kaunti 18 zina timu za watu walipwao mshahara, na mashindano yao yalianzishwa rasmi mwaka 1890. Msimu huanza Aprili, ukaisha Septemba. Mechi moja huchukua siku 4, tangu saa tano asubuhi mpaka jioni, pamoja na kupumzika kwa chakula na kwa chai. Naam, siku nne! Huku kwetu mpira wa miguu ni dakika 90, na mara nyingine hata hizo huonekana nyingi.

Mchezo wenyewe, kwa kifupi, ni huu. Katikati ya uwanja kuna njia ya majani yaliyokatwa karibu na ardhi, urefu wake kama meta 20. Kila upande husimamishwa vijiti vitatu. Mmoja hurusha mpira kwa nguvu ili aviangushe vijiti, na mwenzake wa timu ya pili huvilinda kwa gongo. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenziwe hukimbia na kubadilishana mahali, na kila mara ni mkimbio mmoja. Vijiti vikiangushwa, au mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa chini, ametoka. Wakitoka 10 katika 11, zamu imekwisha. Kuna njia nyingine za kutoka, lakini hizo mbili zatosha leo.

Najua wachongaji wa kwetu wataniuliza habari za gongo kabla ya yote. La, si mpingo. Mpingo huzama majini, na mtu akipewa gongo la mpingo hatafika saa sita bila kuumwa na mabega. Gongo la kriketi hutengenezwa kwa mti uitwao willow, umeao kando ya maji. Mti huo ni mwepesi, wala haupasuki upesi. Mpira nao ni mwekundu, wa ngozi, mgumu kama jiwe, na katikati yake umezungukwa na mshono ulioinuka.

Mshono huo ndio unaoifanya siku ya kwanza iwe ngumu kuliko siku zote. Mwezi wa Aprili kule Uingereza ni baridi bado. Ardhi ina unyevu, na majani ni mabichi. Mpira mpya ukitua juu ya mshono wake hupinda ghafula, huku au kule, wala mrushaji mwenyewe hajui kwa yakini utakwenda wapi. Mwezi wa Julai uwanja umekauka, na mpiga aweza kutamba. Lakini mpiga wa kwanza wa Aprili kazi yake ni moja: asitoke kabla ya chakula cha mchana. Mpira ukija mbali kidogo na vijiti vyake, huinua gongo na kuuacha upite. Mgeni kama mimi hudhani mtu huyo ni mvivu, au ni mwoga. Nami nalidhani hivyo kwa muda wa saa nzima.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee mwenye kofia ya sufi, na daftari magotini, akiandika kila mpira uliorushwa. Kwa desturi siku moja hupangiwa mipira 576, na yeye alikusudia kuiandika yote. Aliniona nikipiga miayo. Akanionyesha kwa kalamu yake kijana aliyekuwa akipiga, akaniambia ya kwamba mkataba wa kijana yule unakwisha Septemba. Akitoka mapema mara nyingi mwezi wa Aprili na Mei, atapelekwa timu ya pili, na mwisho wa mwaka hatapewa mkataba mwingine. Anayarusha maisha yake hapo, mzee alisema, naye akipiga mpira ule wa mbali kwa tamaa ya mikimbio, utadakwa nyuma yake. Tangu hapo nalitazama kwa macho mengine. Kila alipouacha mpira upite nilishusha pumzi. Alifika chakula cha mchana hajatoka, na mikimbio yake haijafika ishirini. Na watu wakampigia makofi mengi kuliko yule aliyemfuata, aliyepiga kwa fahari akatoka upesi.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo picha ya gazeti haikulionyesha. Kabla ya mpira wa kwanza wazee wale walikuwa wakizunguka viti na kusalimiana, nami nikadhani ni adabu tu. Kumbe walikuwa wakihesabiana. Majira ya baridi kule huchukua wazee, kama huku homa zichukuavyo watoto wakati wa mvua, na wengi wao hawaonani tangu Septemba mpaka Aprili. Kwa hiyo siku ya kwanza kila mmoja hutazama ni nani amerudi kitini pake. Kiti cha upande wa pili wa mzee wangu kilikuwa kitupu, naye aliweka koti lake juu yake mchana kutwa. Sikumwuliza.

Uwanja wenyewe uko kando ya mto Severn, na ng'ambo ya mto limesimama kanisa kuu la zamani. Mto ukifurika, huja uwanjani bila kubisha hodi. Mwaka 2024 maji yaliuharibu hata mechi za mwanzo wa msimu zikahamishiwa mji wa Kidderminster. Hapo ndipo Don Bradman wa Australia alipopata mikimbio 236 mwaka 1930, 206 mwaka 1934, na 258 mwaka 1938, kila mara akiianza safari yake ya Uingereza katika uwanja huo.

Lakini mimi nalivutwa na jina jingine, lililoandikwa juu ya jukwaa moja: D'Oliveira. Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town. Kwa kuwa hakuwa mweupe, sheria za nchi yake hazikumruhusu kuichezea. Akaenda Uingereza mwaka 1960, na mwaka 1964 akajiunga na Worcester. Mwaka 1968 alichaguliwa kuichezea Uingereza katika safari ya Afrika Kusini. Serikali ya huko ikakataa kumpokea, na safari ikavunjwa. Baada ya mwaka 1970 Afrika Kusini haikucheza na mataifa makubwa ya kriketi mpaka mwaka 1991. Tena yupo mwingine wa karibu na kwetu zaidi, Dipak Patel, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958. Huyu aliichezea Worcester tangu mwaka 1976 mpaka 1986, kisha akaenda kuichezea New Zealand. Mzee wangu aliwaona wote wawili kwa macho yake, na nilipomwambia kwamba natoka Tanganyika ya zamani, alidhani Nairobi ni kijiji jirani na kwetu. Nikamwacha.

Yapata saa kumi mvua ikaja. Watu wakakimbia na maturubai makubwa kuifunika ile njia ya katikati, wachezaji wakaingia ndani, na sisi tukajikunyata. Ilipopungua, wakaleta gari dogo lenye gurudumu kubwa la sponji, likawa linanyonya maji katika majani na kuyamwaga kando ya uwanja. Wasikilizaji wa Newala, mnajua jinsi mama zetu walivyoshuka mteremko alfajiri, na kupanda tena na mtungi kichwani, kwa maji ya siku moja. Nami nikaketi nikitazama watu wakitumia mashine ili kuyatupa. Sikucheka. Mchezo haukurudi siku ile, wala hapakuwa na mshindi, na hata hivyo hakuna aliyelalamika ila mimi, kwa baridi. Mzee alilifunga daftari lake, akachukua koti lake juu ya kile kiti, akaniuliza kama nitakuja kesho.

Hayo ndiyo niliyowaeleza wanafunzi wangu. Wengine hawakusadiki, wakataka kujaribu. Gongo la kwanza walilichonga kwa mti wa msufi, likavunjika mara moja. La pili ni la mkorosho, na bado lipo. Mpira ni wa tenisi, maana sitaki barua za wazazi. Juma lililopita mwanafunzi mmoja alisimama mbele ya vijiti karibu saa nzima bila kutoka, akapata mikimbio minne tu, na wenzake wakamzomea kwa sauti kubwa hata wapishi wakatoka jikoni. Jioni alikuja mlangoni kwangu kuuliza kama ile minne imeandikwa. Nikamfunulia daftari, akaihesabu mwenyewe.