Mlinzi wa Mwili Afyatuapo Risasi Pasipo Adui

Kila aliyekaa kambini au katika kituo cha polisi amepata kumwona askari akianguka gwarideni. Kwa kawaida sababu huwa ni jua, njaa au malaria. Lakini na tumfikirie askari mwingine. Huyu leo ameanguka baada ya mbio za asubuhi. Mwezi uliopita alianguka baada ya kumeza vidonge vya maumivu. Na kabla ya hapo aliumwa na nyuki mmoja tu katika doria, akapoteza fahamu. Kila mara uso humwaka joto, ngozi humwasha, tumbo humkata na moyo humwenda mbio. Kisha, saa chache baadaye, ni mzima kama hakuwa na jambo. Damu yake hupimwa, malaria haionekani. Wenzake husema amelewa, au ni mvivu, au amerogwa.

Siku moja daktari humwambia jina asilopata kulisikia maishani mwake: maradhi ya chembe za masti. Mgonjwa hurudi nyumbani na jina hilo, asijue kama amehukumiwa kufa au ameokolewa. Ndiyo maana leo tumeona yafaa kulieleza jambo hili.

Chembe za masti ni walinzi wa mwili. Makao yao yako mipakani: katika ngozi, kandokando ya mishipa ya damu, katika njia za hewa na katika utumbo. Kila chembe imebeba punje zilizojaa kemikali, na ijulikanayo zaidi ni histamini. Anapoingia adui, kama vile mnyoo au sumu ya mdudu, chembe huzimwaga kemikali hizo. Mishipa hutanuka, mahali pale huvimba na kuwasha, na mwili hupata kujitetea. Hiyo ni kazi njema. Msiba huja pale mlinzi anapomimina risasi usiku kucha kwa kuona kivuli cha mgomba.

Mgonjwa asione haya kuchanganyikiwa, kwani hata waganga walichukua muda kuelewa. Mwaka 1869 Edward Nettleship wa London alieleza habari za mtoto mwenye mabaka ya rangi ya kahawia yaliyovimba na kuwasha. Mwaka 1878 Mjerumani Paul Ehrlich, angali mwanafunzi wa udaktari, alizitambua chembe za masti kwa kuzipaka rangi. Akaona zimejaa punje, akadhani zimelishwa zikanona, akazipa jina lenye maana hiyo. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili hadi mwaka 1887, Paul Unna alipoonyesha kwamba mabaka ya namna ile yamejaa chembe zile zile.

Maradhi haya ni ya namna mbalimbali. Katika namna moja, iitwayo mastositosi, chembe huzidi idadi yake katika ngozi au katika uboho wa mifupa, na kwa watu wazima wengi hutokana na badiliko katika jeni iitwayo KIT. Kwa watoto, mara nyingi mabaka hupungua au hutoweka kadiri wanavyokua. Katika namna nyingine chembe hazikuzidi, ila huamka upesi mno. Mapendekezo ya kuitambua namna hiyo ya pili yalichapishwa mwaka 2010. Daktari hutazama mambo matatu: dalili zirudiazo katika sehemu mbili za mwili au zaidi, kupanda kwa kemikali iitwayo triptasi katika damu, na nafuu ipatikanayo kwa dawa zinazofaa.

Hapo kwenye triptasi ndipo wengi hupotea. Kemikali hiyo hupanda wakati wa shambulio, kisha hushuka. Damu yafaa itolewe kabla ya saa 4 kupita, na ilinganishwe na ile ya siku ya utulivu. Aliye na nanogramu 5 kwa mililita siku ya utulivu, kwake 8 ni dalili ya kutosha. Basi aliyepimwa kesho yake akaonekana hana kitu, tusikimbilie kumwita mwongo.

Je, mgonjwa afanyeje? Kwanza, awe na daftari. Aandike saa, chakula, dawa, hali ya hewa na kazi aliyokuwa akifanya kabla ya kila shambulio. Kwa wengine kichocheo ni joto au baridi. Kwa wengine ni pombe, aspirini, mbio au hasira. Asijikataze kila chakula kwa kubahatisha, akadhoofika bure. Pili, atumie dawa za kuzuia histamini kama alivyoagizwa, hata siku za amani. Tatu, awaarifu waganga mapema. Askari aliyejeruhiwa huweza kudungwa morfini, nayo kwa baadhi ya wagonjwa hawa huziamsha chembe. Kadi ndogo mfukoni, yenye jina la maradhi na dawa zinazomdhuru, itasema kwa niaba yake akiwa hana fahamu, na mganga ataweza kuchagua dawa nyingine.

Wenzake nao wana wajibu. Akianza kukosa pumzi au kuzimia, dawa ya kwanza ni adrenalini, adungwe katika msuli wa paja upande wa nje, bila kuchelewa. Vidonge vya kuwashwa haviwezi kushika nafasi yake. Alazwe chali, miguu iinuliwe, wala asisimamishwe kwa ghafula. Akihema kwa shida, aachwe aketi. Kisha apelekwe hospitali hata akionekana amepona, maana shambulio huweza kurudi.

Tunajua kwa nini askari huficha. Huogopa kuondolewa kazini, au kuitwa dhaifu. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na askari aangukaye na bunduki mkononi hajihatarishi peke yake. Maradhi haya hayaambukizi; kulala chumba kimoja na mgonjwa au kula naye sahani moja hakuna madhara. Mkubwa wa kikosi aliyearifiwa aweza kumpangia kazi isiyomweka juani mchana kutwa, na huyo akaitumikia nchi yake kwa miaka mingi.

Jina geni la ugonjwa latisha, lakini ni afadhali kuliko kutokuwa na jina. Aliyekuwa akiitwa mlevi sasa ajua adui yake ni nani na hupita njia gani. Tuliobaki yatupasa tumsaidie kulinda, badala ya kumcheka.