KEJELI INAPITA WAPI KATIKA UBONGO?



Maharagi yameungua. Mwenzako anaonja, anasema: «Leo mupishi amejikaza kweli!» Meza nzima inacheka, sababu kila mutu amesikia kinyume. Lakini mutoto wa miaka mine angejibu tu: «Hapana, yameungua.» Masikio ni yale yale. Tofauti iko katika ubongo.

Mwaka 1861, munganga Paul Broca wa Paris alionyesha kwamba usemi unategemea sehemu moja ya mbele, upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaonyesha nyingine, ya kuelewa maneno. Basi wengi walifikiri upande wa kushoto unatosha. Hautoshi. Mwaka 2005 Bibi Simone Shamay-Tsoory na wenzake, kule Israeli, walipima watu walioumia ubongo. Wale walioumia sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, na zaidi upande wa kuume, waliweza kufuata maneno lakini kejeli iliwapita. Fikirieni mutu wa namna ile nyumbani: anashukuru pale anapochekwa.

Juu ya nini? Sababu kejeli inaomba kazi mbili: kujua neno, tena kujua moyo wa mwenye kulisema. Huko Ufaransa, mwaka 2012, Nicola Spotorno na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu wakisoma hadithi fupi. Sentensi ni ile ile, hadithi ndiyo inabadilika. Ilipokuwa kejeli, ziliamka pia zile sehemu tunazotumia kwa kuwaza mwingine anafikiri nini.

Na mwendo? Wataalamu wa Ujerumani walipima umeme wa ubongo, mwaka 2011. Kwa sekunde 0,4, pale ubongo unapokwazwa na neno lisilofaa, hawakuona tofauti. Kwa sekunde 0,6 waliiona. Ni kusema neno linaingia bila shida, kazi ya ziada inakuja nyuma kidogo.

Sauti na uso vinasaidia sana, ndiyo maana tunavutaka neno tukicheka mutu. Karatasi haina sauti. Mwaka jana mutu alibandika kwenye mulango wa choo: «Aksanti kwa usafi wenu.» Wadogo wa darasa la kwanza walifurahi siku mbili nzima, na hakuna aliyechukua ufagio.