Thamani ya Kitu Machoni pa Mtoto

Mtu mzima aulizwapo thamani ya kitu, jambo la kwanza limjialo ni bei. Mtoto hapimi hivyo. Mpe kidau kipya cha plastiki chenye rangi za kupendeza, umtake badala yake akupe kile alichochongewa na babu yake kwa kipande cha mti. Mara nyingi atakataa, na akilazimishwa atalia. Wazazi wengi huuona huo kuwa ni ukaidi wa kitoto. Sisi tunaona vingine.

Ni kweli kwamba macho ya mtoto humdanganya. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), alionyesha kuwa mtoto wa miaka minne, akiwekewa safu mbili za vitu vilivyo sawa kwa idadi, kisha safu moja ikatandazwa ikawa ndefu, husema hiyo ndefu ndiyo yenye vingi. Ndiyo maana mtoto mdogo aweza kufurahia sarafu tano kuliko noti moja inayozidi zote.

Lakini panapohusika kitu chenye historia, mtoto huona mbali. Mwaka 2008 wataalamu wawili, Bruce Hood wa Uingereza na Paul Bloom wa Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wadogo. Waliwaonyesha visanduku viwili, wakawaambia kuwa hiyo ni mashine iwezayo kutoa nakala kamili ya kitu chochote. Kumbe ilikuwa hila tu. Walipowaomba watie humo kidoli au blanketi walalalo nalo kila usiku, baadhi walikataa katakata, na wengi wa waliokubali walitaka kile chao cha asili, wala si nakala.

Katika jaribio jingine watoto wa miaka sita waliambiwa kuwa chombo fulani kilikuwa mali ya Malkia Elizabeth wa Pili. Wakakipa thamani kubwa kuliko nakala yake, ingawa kwa macho viwili hivyo vilikuwa sawasawa.

Hapo ndipo penye fundisho. Chombo kile kilipanda thamani kwa sababu watoto waliambiwa habari zake. Lau wasingeambiwa, kingekuwa chombo kama vyombo vingine. Basi mtoto ana moyo wa kuthamini asili. Kinachohitajika ni mkubwa wa kumsimulia.

Jambo hili latugusa sisi wa visiwani kuliko wengi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na milango yake ya nakshi yajulikana pembe zote. Lakini urithi hauko mjini peke yake. Majumbani mwetu, Unguja na Pemba, yamo makasha ya njumu, mbuzi za kukunia nazi zilizolainika kwa kukaliwa na vizazi, na kanga ambazo mabibi waliolewa nazo. Mtoto asiyeambiwa kasha lile lilikuja na nani, siku atakapokuwa mwenye nyumba ataliuza kwa mnunuzi wa kwanza atakayebisha hodi, naye hatakuwa na la kulaumiwa.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wanaohusika na elimu na mambo ya kale watazame jambo hili kwa pamoja. Haitoshi kuandika urefu wa mlango na aina ya mbao yake. Yaandikwe pia majina ya mafundi na habari za waliopita chini yake, maadamu wazee wenye kumbukumbu bado tunao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nao walimu wawape wanafunzi nafasi, japo mara moja kwa muhula, ya kueleza mbele ya wenzao habari za kitu kimoja cha kale kilichomo nyumbani kwao. Kazi hiyo haihitaji fungu la fedha.

Mlango ukioza, fundi hodari aweza kuchonga mwingine uliofanana nao hata mgeni asitambue. Habari zake zikipotea, hapana fundi wa kuzichonga upya. Tuwasimulie watoto leo, kabla hawajajifunza kwetu kwamba kila kitu ni bei.