Redio ndogo za mfukoni: umbo la zamani ambalo bado lina somo

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofika Guangzhou, kusini mwa China, wanalifahamu vizuri jengo la Nanfang Dasha, ambako vifaa vya elektroniki huuzwa kwa jumla. Wachache hupita kwenye masoko ya alfajiri ya mji huo, ambayo wenyeji huyaita tianguangxu, ambako vitu vikuukuu hutandazwa chini kabla ya jua kuchomoza. Redio ya transista yenye ukubwa wa kiganja ni miongoni mwa vitu ambavyo wapenzi wa vya kale huvitafuta. Je, inawavutia kwa lipi?

Redio ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani ilikuwa Regency TR-1, iliyotolewa nchini Marekani mwaka 1954 kwa dola 49.95. Ilikuwa na transista nne tu. Kabla ya hapo redio zilitumia valvu za kioo, zilizotoa joto na kula umeme mwingi, hivyo sanduku lake lilikuwa kubwa. Mwaka 1957 kampuni ya Sony ya Japani ikaleta TR-63. Inasimuliwa kuwa kwa vile ilizidi kidogo mfuko wa kawaida, wauzaji wake walishonewa mashati yenye mifuko mikubwa zaidi. Mwaka 1958 Braun ya Ujerumani ikatoa T3 ya mbunifu Dieter Rams, yenye matundu yaliyopangwa mraba na duara moja chini yake. Wengi wamesema kuwa iPod ya mwaka 2001 inafanana nayo.

Tukizitazama kwa makini, tunaona kuwa uzuri wake hautokani na mapambo. Matundu yapo kwa sababu nyuma yake kuna spika. Gurudumu la kutafutia stesheni ni pana ili kidole gumba kiligeuze polepole. Hata asiyejua kusoma aliweza kutia alama mahali mshale ulipokaa. Ndani yake, antena ya masafa ya kati ni fimbo iliyozungushiwa waya, ambayo hupokea vizuri zaidi ikielekezwa upande unaofaa. Ndiyo maana wazee wetu waliigeuzageuza redio mpaka sauti ikatulia.

Nchini China, katika miaka ya 70 ya karne ya 20, kijana aliyetaka kuoa alitarajiwa kuwa na vitu vitatu vinavyozunguka na kimoja kinachotoa sauti, yaani baiskeli, saa, cherehani na redio. Kwetu pia redio ilikuwa heshima. Majirani walikusanyika kusikiliza taarifa ya habari, na mawe yakiishiwa nguvu yalianikwa juani. Tangu Septemba 1961, Radio Peking nayo ilisikika kwa Kiswahili.

Hivi sasa redio nyingi ndogo zinazouzwa kwetu zinatoka China, zikiwa na kurunzi, nafasi ya kadi ya muziki na hata paneli ya jua. Hatuzibezi, kwani zinasaidia sana vijijini. Hata hivyo, baadhi yake zina vitufe vidogo visivyoonekana gizani, na mfuniko uliogandishwa kwa gundi. Ikiharibika, hutupwa. Redio ya zamani ilifunguliwa kwa bisibisi, fundi akaona waya uliokatika na kuuchomelea.

Umbo hilo halijakosa wanunuzi. Kampuni ya Tecsun ya Dongguan, mji jirani na Guangzhou, iliyoanzishwa mwaka 1994, imeendelea kutengeneza redio zenye mshale na gurudumu. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeagiza mzigo asiulize bei peke yake, bali pia aulize: je, fundi wa Kariakoo ataweza kuifungua?

Na wewe msomaji, kama redio ya marehemu babu bado iko kabatini, toa mawe yake leo. Yakivuja humo ndani yataila, nayo huenda ingali inaimba.