Shahidi wa Tatu Katika Biashara ya Sarafu za Kale

Katika mwaka wa 1916, manowari za Waingereza zilipokuwa zimeuzingira mwambao na Wadachi waliokuwa wakiitawala nchi hawapati tena sarafu kutoka kwao, mafundi wa karakana ya reli ya Tabora walipewa kazi ambayo karakana ile haikujengewa, nayo ni kupiga sarafu za dhahabu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zikapigwa sarafu 16,198 za rupia 15, kila moja yenye uzito wa gramu 7 na ushei, upande mmoja tai wa Kaizari, na upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga mbele ya milima. Mwezi wa Septemba wa mwaka huo huo Wabelgiji wakauingia mji.

Sarafu hiyo leo yauzwa katika minada ya Ulaya na Marekani, na kwa kuwa inatamaniwa, waghushi nao hawakuiacha. Tuseme basi mnunuzi amewekewa mbili mezani: moja imefungwa katika karatasi, na dhamana yake ni kauli ya muuzaji tu, nyingine imo ndani ya kasha la plastiki angavu, lililogandishwa kwa mawimbi ya sauti hata halifunguki ila kwa kuvunjwa, na ndani yake mna kikaratasi chenye jina la sarafu na namba, mathalan 62. Kwa macho ya mtu asiye mjuzi, ndovu wawili hao ni pacha. Hata hivyo aghalabu mnunuzi ataiongezea bei ile ya pili, na inafaa tuulize analipia nini, maana dhahabu iliyomo haikuzidi hata chembe.

Jawabu lilitolewa mwaka 1970 na George Akerlof, mwanachuoni wa uchumi wa Marekani, ambaye mfano wake ulikuwa wa motokaa zilizokwisha tumika. Muuzaji akijua aibu za bidhaa yake na mnunuzi asizijue, mnunuzi mwenye tahadhari hatatoa zaidi ya bei ya wastani. Mwenye kitu kizuri, akiona bei hiyo yamdhulumu, atakiondoa sokoni. Wastani utashuka, na walio bora miongoni mwa waliosalia wataondoka nao, mpaka soko libakie na vibovu vitupu. Hasara basi haimpati mnunuzi peke yake: humpata pia muuzaji mwaminifu, asiyekuwa na njia ya kuuthibitisha uaminifu wake. Huyo ndiye anayemhitaji shahidi kuliko wote.

Ushahidi wa namna hiyo ni wa zamani. Huko Uchina wajuzi wa fedha walizigonga reale za kigeni kwa mihuri yao, ili atakayezipokea baadaye ajue kuwa zimekwisha pimwa. Na ile reale ya Maria Theresa ya mwaka 1780, iliyotumika Unguja, Uarabuni na Uhabeshi, ilikuwa na watu wasioikubali mpaka wamezikagua lulu za mapambo ya malkia. Jambo jipya la karne ya ishirini ni namba. Mwaka 1949 William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani aliyependa mno senti za kale za nchi yake, alitunga kipimo cha kuanzia 1 hata 70, akikusudia kwamba senti ya 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya 1. Uwiano huo wa bei haukudumu, ila namba zilibaki. Nami sioni haki kuinyamazia habari yake iliyobaki, kwa kuwa inalihusu shina la jambo lenyewe: baada ya kufa kwake ilithibitika kwamba mtu huyo huyo alizichukua senti bora za American Numismatic Society ya New York, na mahali pake akaziweka zake zilizokuwa duni.

Shirika la ANACS lilianza kuthibitisha uhalali wa sarafu mwaka 1972, PCGS likafungua kazi mwaka 1986, na NGC mwaka uliofuata. Katika mashirika hayo sarafu hupimwa uzito na, ikilazimu, madini yake huchunguzwa kwa miale ya eksirei. Kisha wakaguzi huitazama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitoa daraja yake mwenyewe kwa kipimo kile cha Sheldon, na sarafu ikafungwa ndani ya kasha. Tangu hapo mtu aliweza kununua sarafu asiyopata kuiona, iliyo upande wa pili wa bahari.

Lakini namba ilipokubaliwa, ilianza kununuliwa yenyewe. Kati ya 64 na 65 tofauti huwa mkwaruzo mmoja shavuni, ilhali bei huweza kuruka mara kadhaa. Ndiyo sababu wako wafanyabiashara wavunjao kasha na kuipeleka sarafu ile ile tena na tena, wakitaraji siku moja mkaguzi ataiona kwa jicho la huruma. Mwaka 2007 likazuka shirika la CAC, ambalo kazi yake ni kuzikagua sarafu zilizokwisha kaguliwa, na kubandika kibandiko cha kijani juu ya kasha la sarafu linayoiridhia. Shahidi naye ametafutiwa shahidi.

Na kwa sarafu ya Tabora mambo ni mazito zaidi. Mitambo ya reli haikuwa na nguvu ya mitambo ya Berlin, na kwa hiyo ndovu wengi walitoka hafifu tangu siku ya kupigwa, mikunjo ya ngozi haionekani, na mtu huweza kuudhania udhaifu huo kuwa ni uchakavu wa mikononi. Tofauti yajulikana kwa kuigeuzageuza sarafu chini ya taa moja: palipochakaa, mng'aro wa asili umekatika na rangi imefifia mahali palipoinuka; palipopigwa hafifu, mng'aro hupita juu ya kichwa cha ndovu bila kukatika, na chini yake huonekana vijichirizi vya bapa la dhahabu kama lilivyokuwa kabla ya kuguswa na muhuri.